Bado natumia eafoni za waya, ngoja nikwambie kwa nini

Jioni moja nilichomeka eafoni kwenye simu, nikaweka wimbo ninaoujua mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi, na mwimbaji hayupo. Ngoma zipo, gitaa lipo, vyombo vya pembeni vipo na tena vimetanuka kuliko kawaida, lakini yule mwenye wimbo amekwenda mbali, kama anaimbia chumba cha pili na mlango umefungwa. Nikachomoa pini nikarudisha, bado. Nikaweka wimbo mwingine, yaleyale. Afu kidole kikabonyeza kile kitufe kidogo cha kupokelea simu pale kwenye waya na palepale akarudi, katikati ya kichwa, sauti nzima. Nikaachia, akaondoka. Nikabonyeza, karudi. Nilikaa kitandani muda mrefu tu nabonyeza na kuachia, nataka kuelewa.

Nilikuja kuelewa baadaye na nitakueleza, maana ndo ilinifanya nizipende hizi kitu. Ukiitazama pini ya eafoni zenye maiki utaona vijipete vitatu vyeusi, vinaigawa pini vipande vinne. Ncha ni sikio la kushoto, kinachofuata ni sikio la kulia, na viwili vya mwisho ni maiki na njia ya kurudi, ile inayorudisha umeme wa masikio yote mawili. Sasa watengenezaji hawakukubaliana mapema hivyo viwili vya mwisho vikae vipi, kuna mpangilio wa zamani unaitwa OMTP na kuna ulioshinda unaitwa CTIA, tofauti yake ni kwamba maiki na njia ya kurudi zimebadilishana nafasi. Eafoni zangu zilitoka na simu ya zamani, simu ilikuwa mpya. Kwa hiyo umeme wa masikio ukawa hauna njia nzuri ya kurudi, unahangaika kupitia kwenye maiki, na ikiwa hivyo masikio yanabaki kusikia ile tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwa kawaida anawekwa sawasawa pande zote mbili, hana tofauti, basi anafutika. Nikibonyeza kitufe, kitufe kinaunganisha maiki na njia ya kurudi, njia inafunguka, mwimbaji anarudi nyumbani.

Yaani hitilafu nzima unaweza kuichora kwenye karatasi. Hakuna apu, hakuna kuzima na kuwasha, hakuna "futa kifaa halafu unganisha upya". Nyaya nne na kitufe kimoja. Toka siku hiyo sikuwahi tena kuona waya kama kitu cha kizamani, naona kama kitu ambacho kikiugua kinakwambia wapi panauma.

Swali ninaloulizwa kila nikizitoa mfukoni ni moja: hivi bado kuna watu wanatumia za waya? Mpwa wangu aliuliza hivyohivyo, ana miaka kumi na saba, na hakuuliza kwa dharau, aliuliza kwa sababu kweli alidhani zimeisha. Wapo watu. Ukianza kuangalia utawaona wengi kuliko unavyofikiri, ni kwamba waya haupigi kelele, hauna taa wala kasha la kufungua mbele za watu. Anayehariri sauti anatumia waya. Anayerekodi na anataka kujisikia akiimba anatumia waya, hana ujanja, maana sauti ya Bluetooth inachelewa, mara nyingi inapita milisekunde 100 na kwa nyingine inafika 200 na zaidi, na ukijisikia umechelewa kiasi hicho ulimi unaanza kugongana wenyewe. Kwenye video hulioni hilo kwa sababu mara nyingi apu inajua kuna ucheleweshaji, inaizuia picha isubiri sauti. Lakini gemu haiwezi kusubiri, kinanda cha kwenye simu hakiwezi kusubiri, umegonga umegonga.

Na kuna rafiki yangu mmoja, yeye haoni. Huyu ndo alinifanya niache kulichukulia hili suala kama la ladha tu, kwamba wewe unapenda waya, mimi napenda bila waya, basi yaishe. Simu yake inamsomea kila kitu anachokigusa, iwe ni TalkBack au VoiceOver kutegemea na simu aliyonayo mkononi, na ameiweka kwenye mwendo ambao mimi siwezi kufuata hata neno moja. Siku moja nilimuuliza kwa nini hana hizi za Bluetooth wakati kila mtu anazo, nikamwambia ntamnunulia. Akanivalisha eafoni yake upande mmoja (yeye huvaa upande mmoja siku zote, sikio la pili analiachia barabara), akapitisha kidole kwenye skrini, na simu ikawa inaongea chini ya kidole chake bila kupishana hata kidogo, kidole kikienda sauti ipo, kikisimama imesimama.

"Umeona?" akaniambia. "Mi nikigusa, iseme. Sio niguse, nihesabu moja, ndo iseme."

Nikafikiri ni kuchelewa tu. Akasema hapana, kuna lingine baya zaidi. Nyingi za Bluetooth zikikaa kimya sekunde chache zinajilaza ili zisile betri, simu ikitaka kusema neno zinaamka katikati ya neno, mwanzo unamezwa. Kwa mtu anayesikiliza muziki si kitu. Kwake yeye anayeandika namba ya akaunti ya benki ni kitu kikubwa sana. "Nane ikikatwa mwanzo inabaki 'ne'," akasema. "Na nne nayo ni nini? Ni hiyohiyo 'ne'. Sasa niambie nimebonyeza ipi."

Sikuwa na jibu. Sikumnunulia za Bluetooth, nilimnunulia za waya mbili za akiba, na hadi leo akipata simu mpya kitu cha kwanza anachoulizia sio kamera wala ukubwa wa skrini, anaulizia tundu lipo au halipo. Nikisikia mtu anasema tundu la hedifoni ni la watu wasiotaka kubadilika nawaza kidole cha rafiki yangu kwenye ile skrini.

Tundu lenyewe lina ukoo mrefu. Pini ya aina hii ilianza kwenye mitambo ya kuunganishia simu, karne ya 19, wale wahudumu waliokaa mbele ya ubao uliojaa matundu wakichomeka na kuchomoa ili mtu wa hapa aongee na mtu wa kule, ilikuwa nene, milimita 6.35, na ile nene hadi leo ipo kwenye gitaa za umeme. Yetu hii ya milimita 3.5 ni mtoto wake, ilikuja na redio ndogo za mkononi, halafu Walkman ya Sony ya mwaka 1979, mashine ndogo ya kaseti, ikaifanya ya kila mtu. Na ile Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili, ili watu wawili wasikilize pamoja. Nalipenda sana hilo. Mtu alikaa mezani akachora mashine ya kusikilizia peke yako, afu akaona hapana, utakuwa na mwenzako.

Kwenye simu halikuwa jambo la moja kwa moja. Simu nyingi za zamani zilikuwa na matundu yao ya ajabuajabu, na hata ile ya kwanza ya Android kuuzwa, T-Mobile G1 ya 2008, haikuwa na tundu la kawaida, ulitakiwa kutumia adapta. Kwa hiyo shida ya adapta tunayolia nayo leo wakubwa zetu walishailia. Afu zikaja karibu miaka kumi nzuri ambapo ulichukua eafoni yoyote ukachomeka simu yoyote ikaimba, na sisi tukadhani ndo dunia ilivyo.

Septemba 2016 ikatoka iPhone 7 bila tundu. Haikuwa ya kwanza, Oppo walishatoa simu nyembamba bila tundu miaka kadhaa nyuma na Moto Z ya Motorola ilitoka mwaka huohuo, lakini Apple wakifanya jambo wengine wanafuata. Phil Schiller, mkuu wa masoko wa Apple, alisimama jukwaani akatoa sababu, akasema kwa neno moja ni ujasiri. Na jukwaa lilelile, siku ileile, zikatambulishwa AirPods, eafoni zao zisizo na waya. Mi sisemi kwamba sababu zao zote zilikuwa za uongo, ndani ya simu nafasi ni finyu kweli na tundu lina urefu wake, unahitaji sehemu ya kuliweka ambayo ungeweza kuweka betri au kifaa kingine. Lakini ile sababu ya kuzuia maji yasiingie, iliyozungumzwa sana na watu, haikai vizuri, maana Galaxy S7 ilitoka mwaka uleule wa 2016, ina tundu, na ina IP68, cheti cha kuhimili maji kilicho juu kuliko IP67 ya hiyo iPhone 7. Google walijisifu na tundu kwenye Pixel ya 2016, mwaka mmoja baadaye Pixel 2 ikaja bila. Samsung wakaliondoa kwenye Note 10 mwaka 2019. Lililoniuma kuliko yote ni Fairphone, kampuni iliyojijengea jina kwa simu inayofunguka na kutengenezeka, nao Fairphone 4 ya 2021 ikaja bila tundu, na wakati huohuo wakaanza kuuza eafoni zao zisizo na waya. Sony wao walifanya kinyume kwenye simu za bei ya juu, walitoa Xperia 1 mwaka 2019 bila tundu, 2020 kwenye Xperia 1 II wakalirudisha. Nawaheshimu kwa hilo, kukubali kurudi nyuma hatua moja kunahitaji moyo.

Kwenye maboksi ya simu nako eafoni zikatoweka. Mwaka 2020 iPhone 12 ilikuja bila eafoni ndani isipokuwa Ufaransa, kwa sababu Ufaransa ilikuwa na sheria ya kuwakinga watoto na mawimbi ya simu kichwani, inayotaka kila simu iuzwe na kifaa cha kusikilizia. Ilidumu hadi 2022 na yenyewe ikalegezwa.

Sasa adapta. Hapa kuna mtego ambao watu wengi wanauingia, na mimi niliuingia. Nilinunua adapta ya USB-C, nzuri kwa macho, kitambaa kimesukwa vizuri, nikafika nyumbani nikachomeka, kimya. Simu haijui hata kama kuna kitu kimechomekwa. Nikairudisha dukani, muuzaji akaijaribu kwenye simu yake, inaimba vizuri tu, akaniambia simu yako ndo mbovu. Simu haikuwa mbovu. Adapta za aina hii ziko mbili na kwa nje zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni waya mtupu, inategemea simu yenyewe iwe na uwezo wa kutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa mawimbi ya umeme kupitia lile tundu la chaji, na simu nyingi haziwezi. Ya pili ina chipu ndani yake, ndogo kama punje, inayochukua namba kutoka kwenye simu na kuzigeuza kuwa sauti yenyewe, watu wa muziki wanaiita DAC. Yenye DAC inafanya kazi karibu kila mahali, hata kwenye kompyuta. Kwa hiyo ukienda kununua usiulize "ni ya USB-C?", uliza ina DAC au haina, na kama muuzaji hajui chomeka kwenye simu yako mwenyewe palepale kabla ya kutoa hela.

Na hata ukiipata iliyo sahihi bado tundu ni moja, unachaji au unasikiliza. Zipo adapta zenye matundu mawili lakini ninazozijua mimi zinalegea upesi. Afu ule uzito wa adapta na waya unaning'inia kwenye tundu la chaji mchana kutwa, na tundu la chaji likilegea hapo ndo umeumia kweli, maana simu bila tundu la hedifoni inaishi, bila tundu la chaji ni hadithi nyingine. Ile pini ya duara ina jambo moja ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: inazunguka. Simu ikiwa mfukoni waya ukivutwa huku na huku pini inageuka tu mahali pake, haipindi kitu.

Kuhusu ubora wa sauti sitapigana na mtu. Bluetooth ya leo inasikika vizuri, LDAC, njia ya Sony ya kubana sauti ipite hewani, inafika kilobiti 990 kwa sekunde, masikio yangu kwenye basi hayawezi kukuambia tofauti yake na waya. Sehemu moja tu naisemea, na hiyo hata asiyejali muziki ataitambua, ni pale unapopiga simu. Unasikiliza wimbo mzuri, simu inaita, unapokea, na ghafla sauti inakuwa ya bati. Sababu ni kwamba Bluetooth ya kawaida haina nafasi ya kupeleka muziki mpana wa pande mbili na wakati huohuo kurudisha sauti ya maiki yako, inabidi ihame kwenda kwenye njia nyembamba ya simu. Ukiwa kwenye kikao cha video cha saa mbili unasikiliza njia nyembamba saa mbili zote na wenzako nao wanakusikia hivyohivyo. Waya una njia yake ya maiki, haigombani na ya muziki. Hiyo LE Audio, aina mpya ya sauti ya Bluetooth, imekuja kurekebisha hilo na naitakia heri, kwa wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia ni jambo kubwa kabisa, lakini inataka simu iwe nayo na eafoni ziwe nayo.

Redio nayo. Simu yenye redio ya FM inakwambia "chomeka hedifoni" kabla haijashika stesheni yoyote na wengi wanadhani ni usumbufu. Waya wenyewe ndo antena. Mawimbi ya FM yana urefu wa kama mita tatu hivi, ndani ya simu hakuna mahali pa kukunja antena ya maana, lakini waya wa eafoni una mita moja na kidogo, unatosha kabisa. Bando likiisha au mtandao ukikatika, na umeme nao umekatika, eafoni yako ya waya inakuletea taarifa ya habari. Hilo hakuna kasha la Bluetooth litakalokufanyia.

Kuna wanaobaki na waya kwa sababu ya usiri. Kamala Harris ameonekana mara nyingi na eafoni za waya, hata kwenye ile video ya Novemba 2020 anampigia Joe Biden kumwambia wameshinda waya uko mkononi, na alipokuwa Makamu wa Rais wa Marekani watu walimsema sana kwa hilo. Mwaka 2019 watafiti walionyesha shambulio waliloliita KNOB, ambapo mtu aliye karibu anaweza kuvilazimisha vifaa viwili vya Bluetooth vikubaliane ufunguo mfupi mno, rahisi kuuvunja. Makampuni yalitoa marekebisho. Mimi siongei siri za serikali, kwa hiyo kwangu halina uzito mkubwa, ila namwelewa ambaye kwake lina uzito.

Kwangu mimi lenye uzito ni betri.

Nilikuwa na pea nzuri isiyo na waya, nilizipenda, sitakana. Mwaka wa kwanza raha tupu. Mwaka wa pili ukielekea kwisha ya kulia ikaanza kuzimika kabla ya ya kushoto, kwanza kwa dakika kumi, afu nusu saa, mwisho ikawa naiweka sikioni nikifika kituoni imeshakufa. Ya kulia ndo niliyokuwa napokelea simu mara nyingi, imechajiwa na kumalizwa mara nyingi kuliko mwenzake, na betri ndogo ya lithiamu ina hesabu ya mara ngapi itajazwa na kumalizwa kabla haijachoka. Nikaipeleka kwa fundi ninayemwamini. Akaigeuzageuza chini ya taa, akatafuta skrubu, hakuna. Akatafuta mshono, upo lakini umegandishwa kwa gundi. Akaniambia, "Kaka, hii nikiifungua nimeivunja. Hawakuitengeneza ifunguliwe." Akanirudishia mkononi na hakunichaji kitu. Spika yake ilikuwa nzima, maiki nzima, chipu nzima, betri ya ukubwa wa punje ya haragwe imechoka basi kitu kizima kinakwenda jalalani. Wale iFixit wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka walipozifungua AirPods za kwanza walizipa sifuri kwa kumi. Umoja wa Ulaya wana sheria ya betri ya mwaka 2023 inayosema kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vingi vya mkononi mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe. Naingoja hiyo tarehe kwa hamu.

Sasa usinielewe kwamba waya hauna kero. Unajifunga mafundo mfukoni. Unanasa kwenye kitasa cha mlango na kukung'oa masikio yote mawili kwa mpigo, na maumivu yake ni ya kweli. Ukitembea unasugua nguo na msuguo unapanda hadi sikioni tuk tuk tuk. Nikikimbia sitaki waya, nikifua nguo sitaki waya, hapo natumia za Bluetooth za mtu mwingine humu ndani na nazirudisha kwenye kasha lake na shukrani. Sio vita. Ninachokataa ni kuondolewa mlango kisha niambiwe dirisha ni zuri zaidi. Mlango na dirisha vyote tulikuwa navyo.

Wiki chache nyuma mpwa wangu akaja na zile eafoni nilizompa nikimwambia aweke akiba, za kwake zisizo na waya zilikuwa zimepotea upande mmoja. Akanipa zimeviringwa vidoleni kama uzi.

"Mjomba hizi zimekufa. Naona si tuzitupe tu."

"Zimekufaje?"

"Muziki upo ila anayeimba hayupo."

Nikacheka kwa furaha, maana huyo mgonjwa namjua. Nikamwambia abonyeze kitufe, akabonyeza, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo safari hii sio mpangilio wa pini, ni waya wa kurudi umekatika mahali. Nikamwambia avae, aweke wimbo, nikaanza kukunja waya taratibu kwa vidole kuanzia kwenye masikio, pale unapogawanyika, nikashuka kwenye kitufe, nikashuka hadi mwisho. Kimya, kimya, kimya. Nilipofika kwenye shingo ya pini, ule mpira mgumu ambapo waya unaingia, nikaukunja kidogo kushoto na akashtuka, "Huyo! Kapita!" Nikaukunja tena. "Huyo!"

Tukakata pale. Ndani ya gamba la mpira kuna nyaya nyembamba kama nywele, na kwenye hizi zilikuwa rangi nne, nyekundu ya kulia, kijani ya kushoto, buluu ya maiki na ya nne yenye rangi ya shaba yenyewe, hiyo ndo ya kurudi. Katikati yake kuna nyuzi nyeupe za nguo, hizo ni za kuupa waya nguvu usivutike, hazipitishi umeme, unazikata au unazifunga fundo. Mpwa wangu alitaka kuzilehemu palepale na solda ikawa inateleza kama maji kwenye jani, haishiki. Zile rangi ni vanishi, zimepakwa ili nyaya zisigusane, mpaka uichome. Nikamwonyesha, unaweka tone la solda kwenye ncha ya moto, unaingiza nywele ndani ya tone, unasubiri, moshi kidogo unatoka na harufu kali, ukitoa ncha imekuwa ya fedha. Akafanya tatu zilizobaki mwenyewe. Ya buluu ilimkatikia mara mbili, akaivuta akaanza upya, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akiandika herufi zake za kwanza.

Tukaweka pini mpya, kijani kwenye ncha, nyekundu inayofuata, shaba, buluu. Akasokota kifuniko cha pini polepole, akachomeka, akavaa sikio moja na jingine akanipa mimi. Tukakaa bega kwa bega waya umetukaa katikati. Ngoma zikaanza, gitaa likaingia, na mimi namwangalia usoni.

"Yupo," akasema. "Mjomba yupo, yuko hapahapa."

Afu akavua taratibu, akaziviringa, akazitia mfukoni mwake.